Nguzo ya kuzuia gari inayozama ardhini: tuangalie kufuli lake

Karibuni tena watazamaji wangu. Mmeniuliza sana kuhusu hizi nguzo za kuzuia magari kwenye maegesho, zile zinazozama chini. Leo ninayo ya kuinua kwa mkono, haina mota wala umeme.

Sogea na kamera hapa. Hili bomba la nje ndilo linalozikwa kwenye zege, nguzo yenyewe inapanda na kushuka ndani yake. Nashika mpini, navuta... umesikia "ta"? Hilo ni komeo la springi limeruka likaingia kwenye tundu la bomba. Kupandisha hakuhitaji ufunguo. Ukitaka kushusha ndipo unazungusha ufunguo, komeo linarudi ndani, nguzo inazama, mfuniko unalala sawa na ardhi na gari linapita juu.

Wauzaji watakwambia pima unene wa chuma. Sawa, pima, lakini mimi naanzia chini. Komeo lenyewe ni dogo kama kidole. Mchanga ukijaa kwenye tundu lake haliingii lote, unaiona nguzo imesimama kumbe haijafunga! Mchanga huo huletwa na maji, kwa hiyo fundi asizibe chini ya bomba kwa zege, aweke kokoto maji yapate pa kwenda. Masika ya Dar mnayajua.

Tena uchafu hauchagui bei. Kule New Orleans, Marekani, kwenye mtaa wa Bourbon waliweka vizuizi vya kuteleza kwenye reli mwaka 2017, shanga za sherehe za Mardi Gras zikawa zinaziba zile reli. Tarehe 1 Januari 2025 mtu alipoingiza gari kwenye umati na kuua watu 14, vizuizi vilikuwa vimeng'olewa vibadilishwe.

Na tusidanganyane, hii ya mkono haisimamishi lori lililo kasini. Kazi yake ni kulinda nafasi yako na kumkwamisha mwizi asitoke na gari. Ukitaka ya kusimamisha lori, dai cheti cha majaribio ya kugongwa cha kiwango cha kimataifa ISO 22343, kilichochukua nafasi ya IWA 14 mwaka 2023.

Walio Tanga, Mombasa na Unguja, chukueni stenlesi ya daraja 316. Ile ya 304 chumvi ya bahari inaitia madoa ya kutu.

Kitu kimoja sikukipenda kwenye aina za bei ya chini: zinafunguliwa kwa ufunguo wa pembetatu, ambao yeyote anaupata duka la vifaa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe ufunguo.