Gemu za mieleka: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiuliza dukani gemu gani ya mieleka ni nzuri, utaonyeshwa iliyotoka mwaka huu. Mimi nauliza kwanza: nyumbani una mashine gani, na mtacheza wangapi? Tangu miaka ya 1990 picha zimeng'aa na ukumbi umejaa watazamaji wanaofanana na watu, lakini raha ya gemu hizi ingali ileile ya watu wawili kukaa pamoja, kila mmoja na pedi yake. Nimezipanga kwa kipimo hicho.

Namba moja ni WWE SmackDown! Here Comes the Pain ya PlayStation 2, iliyotoka 2003 (WWE ni kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani). Walioitengeneza ni Yuke's wa Japani, ambao SmackDown zao za awali zilikuwa za kasi sana, vitufe vikibonyezwa ovyo ovyo. Hapa wakabakiza kasi wakaongeza akili. Ukimkamata mpinzani una aina nne za mashambulizi ya kuchagua: ya nguvu, ya haraka, ya kumbana asalimu amri, na yale ya mwanamieleka mwenyewe. Pembeni kuna mchoro wa mwili unaobadilika rangi pale unapoumia, kwa hiyo mtu anaweza kuuandama mguu mmoja pambano zima akijua anachokitafuta. Brock Lesnar yuko kwenye jalada; ndani wamo Undertaker, The Rock, Goldberg na John Cena kijana. Zimepita zaidi ya miaka 20 na sijaona nyingine inayowafanya wawili wapige kelele namna hiyo.

Ukiinunua, geuza diski kwenye mwanga uone mikwaruzo, kisha mwambie muuzaji aiwashe mpaka pambano lianze. Jina la gemu kutokea kwenye skrini halitoshi. Diski ya Marekani haichezi kwenye PS2 ya Ulaya ambayo haijawekewa chipu ya kuifungua. Na chukua memori kadi, la sivyo kila ukizima unaanza upya.

Ya pili: mwenye PS4 au PS5 achukue WWE 2K24. Ilitoka Machi 2024, na ina pambano la jeneza, la gari la wagonjwa, na la wewe mwenyewe kuwa mwamuzi, jambo ambalo watoto hulipenda kupita kiasi. 2K25 ni nzuri pia, ila sehemu yake iliyotangazwa sana, The Island, haipo kwenye PS4. Kama bei zinakaribiana na una PS5, chukua hiyo 2K25. Kumbuka gemu hizi ni nzito, na hata ukiwa na diski utadaiwa masasisho makubwa. Pigia hesabu bando lako. Tena 2K, kampuni inayozitoa gemu hizi, huzima seva (mitambo ya kuchezea mtandaoni) za matoleo yao baada ya miaka michache. Za mtandaoni zikifungwa, mapambano ya nyumbani yanabaki.

Ya tatu, kwa wenye kompyuta ya kawaida au PS4, ni Fire Pro Wrestling World. Picha zake ni bapa, za kizamani, na ukibonyeza kabla ya wakati unaadhibiwa. Ivumilie. Huu ni mfululizo ulioanza 1989, na kwenye kompyuta mashabiki wameunda karibu kila mwanamieleka unayemkumbuka.

AEW: Fight Forever ya 2023, gemu ya AEW, washindani wa WWE, naiweka ya nne. Inafurahisha, lakini mambo ya kufanya huisha mapema. Imefuata nyayo za WWF No Mercy (WWF ni jina la zamani la WWE) ya Nintendo 64, kazi ya studio ya AKI ya mwaka 2000, ambayo kwa uchezaji wenyewe ningeipa nafasi ya pili. Nimeishusha hadi ya tano kwa sababu ya ununuzi tu: mashine zake ni adimu, na nakala za mwanzo zilitoka na kasoro ya kufuta kila ulichohifadhi.

WWE 2K20 usinunue, hata kwa bei ya kutupa. Yuke's walikuwa wameacha kuzitengeneza gemu hizi, studio ya Visual Concepts ikabaki peke yake, na ikatoka Oktoba 2019 imejaa hitilafu: nyuso zimepinda, nywele zinaruka hewani. Mwaka 2020 ulipoingia iligoma kabisa kufunguka, wachezaji wakarudisha tarehe za mashine zao nyuma ili waendelee. Toleo la mwaka uliofuata likafutwa, na 2K22 ikaja Machi 2022 ikiwa imetulia. Muuzaji akikwambia zote ni 2K tu, mwombe 2K19. Ni ya mwisho kutoka kwa Yuke's, na kwenye PS4 ya mkono wa pili bado inapiga kazi vizuri.