Risasi 50 za .38 Special Zilizojazwa Nyumbani: Nzuri kwa Macho, Lakini Sikuzipiga

Mlenga shabaha mwenzangu, ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi na ambaye sijawahi kumwona akizembea, alinipa boksi la risasi 50 za .38 Special, risasi za bastola, ambazo alizijaza mwenyewe nyumbani kwa kutumia maganda yaliyokwisha kupigwa, akaniomba nizijaribu na kumpa maoni yangu. Maoni yenyewe ni haya, ingawa sikupiga hata moja.

Kwa kuzitazama tu, kazi hiyo haina kasoro. Maganda yamesuguliwa yakang'aa, vichwa (vile vipande vinavyorushwa) vimekaa kimo kimoja, na nilipopitisha ncha ya kidole kwenye vitako sikukuta fataki, yaani kile kidude kinachowasha baruti, iliyochomoza. Juu ya boksi palibandikwa kipande cha karatasi chenye maandishi ya kalamu: ".38, laini". Aina ya baruti haikutajwa, wala uzito wake, wala tarehe, wala idadi ya mara ambazo maganda hayo yamekwisha kujazwa. Risasi za kiwandani zingekuwa na namba ya toleo ya kufuatilia. Mimi nilikuwa na neno "laini", yaani yenye msukumo mdogo, ambalo kila mtu hulipima kwa kiganja chake.

Ganda la .38 Special lilipobuniwa mwaka 1898 lilikusudiwa baruti nyeusi, ambayo huhitaji nafasi kubwa. Kwa baruti ya kisasa iwakayo haraka, kipimo kizima cha risasi laini huwa chini ya robo gramu, nacho hulala chini kabisa ya ganda. Mjazaji akipitiwa na kumimina mara mbili, hakuna kitakachomwagika, na kichwa kitaketi kama kawaida. Kupima risasi nzima kwenye mizani hakusaidii sana, kwa sababu tofauti ya uzito kati ya ganda na ganda, hasa yakichanganywa ya viwanda mbalimbali, inaweza kuzidi uzito wa baruti yenyewe. Kuitikisa karibu na sikio ni kupiga ramli.

Kwa hiyo nilichukua nyundo ya kung'olea vichwa, nikazifungua moja moja jioni nzima, nikimimina baruti ya kila ganda kwenye sahani ya mizani. Karibu zote zilikuwa kati ya gramu 0.17 na 0.19, usawa ambao kwa haki unastahili sifa. Ya 31 ikatoa 0.36. Niliisafisha sahani na kupima upya, na namba haikubadilika. Nilipoimwaga kwenye karatasi nyeupe kando ya baruti ya risasi iliyotangulia, chembe zilikuwa zilezile, rangi ileile, ila rundo moja lilikuwa maradufu ya jingine. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kupasua silinda ya bastola, na vipande havichagui kati ya mpigaji na jirani yake.

Risasi nyingine haikuwa na baruti kabisa. Wengi huiona hii kuwa nafuu, kumbe sivyo: fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya kasiba na kukiacha humo. Mlio huwa hafifu, mpigaji mwenye haraka huvuta tena, na risasi ya pili hukuta njia imezibwa. Nadhani rafiki yangu aliruka tundu moja la trei, kisha akarudia la jirani.

Hatari nyingine haihitaji uzembe wowote. Ganda la .357 Magnum, risasi ya bastola yenye nguvu zaidi, lilifanywa refu kuliko la .38 kwa karibu milimita 3.4 makusudi, ili lisiingie katika bastola dhaifu, kwa kuwa viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, huiruhusu shinikizo la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000 dhidi ya 17,000 za .38 Special ya kawaida. Mwenye bastola ya .357, ambayo hupokea pia ganda la .38, anaweza kujaza ganda la .38 kwa nguvu ambayo silaha yake inaihimili, na kwake hakuna dhara. Boksi likihamia mikononi mwangu, ile kinga ya urefu haipo tena, na risasi itateleza ndani ya silinda ya bastola yangu ya .38 bila kipingamizi. Hata kuniambia jina la baruti kwa mdomo kusingetosha, maana H4831 na IMR 4831, baruti za bunduki ndefu, zina namba moja lakini haziwaki kwa kasi moja. Tena watengenezaji wengi wa silaha huandika wazi katika vijitabu vyao kwamba risasi za kujazwa upya hufuta dhamana.

Nilimrudishia maganda matupu, vichwa, na karatasi yenye vipimo vyote 50. Aliisoma hadi mstari wa 31, akasema kwamba jioni ile aliinuka mara moja kupokea simu. Kisha akaanza kutafuta namba ya mtu mwingine ambaye yeye alikuwa amempelekea boksi la pili.