Theluji ya Uludağ kwa basi la siku moja: mlima nyota tano, ziara nyota mbili na nusu

Mimi nauza madera, abaya na nguo za watoto Ngamiani, na kila Januari, ada za shule zikishawakausha wateja, nakwenda Istanbul kuchukua mzigo. Wateja huniuliza habari za Uturuki kama vile nimekwenda kutembea. Kutembea wapi! Safari mbili za kwanza niliijua Istanbul kwa mitaa minne ya Laleli, kule kwenye maduka ya nguo za jumla, chumba cha hoteli na ofisi ya kago. Ya tatu nikaenda na wifi yangu, naye aliapa tangu stendi ya Kange kwamba harudi Tanga bila kukanyaga theluji. Tangu turudi kila shoga anaulizia ile ziara ya Uludağ, mlima wa theluji ulio juu ya mji wa Bursa, basi nayaweka hapa yote mara moja nipumzike.

Kwanza mji, kwa sababu mji ndio uliotugharimu kidogo ukatupa kingi. Laleli hununui nguo moja, unanunua seri, yaani saizi zote za nguo ile ile zimefungwa pamoja, na ukimaliza kununua unasubiri mzigo upimwe na ufungwe. Hapo tukapata siku mbili tupu. Tramu ya T1 inapita pale pale, na Sultanahmet, penye majengo ya kale, ni vituo vitatu tu. Tulinunua kadi moja ya usafiri tukaigonga wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Ayasofya jengo lake ni la mwaka 537, lilijengwa kanisa, likawa msikiti Sultan Mehmed alipouteka mji mwaka 1453, baadaye makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mtalii wa kigeni anapandishwa ghorofani kwa euro 25. Nikazigeuza kichwani kuwa madera, roho ikauma. Tulipokaribia mlango wa chini mlinzi akatazama mabuibui yetu, akauliza neno moja tu: "Namaz?" Yaani, mmekuja kuswali? Wifi hajui Kituruki hata cha kuombea maji, lakini hilo alilielewa kuliko mimi. "Namaz," akajibu, na mkono kifuani. Tukaingia bure, tukaswali adhuhuri kwenye zulia la rangi ya feruzi, na wifi akakaa pale akiegemea nguzo mpaka nikamwambia twende, miguu inaganda. Sisemi mtu asiye na nia ya kuswali atumie mlango huo. Nasema kama ni saa ya swala na wewe ni mwenye kuswali, usikimbilie dirisha la tiketi.

Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa minara sita, uko mkabala na hauna kiingilio. Yerebatan, hodhi la maji la chini ya ardhi lenye nguzo 336, tulilipia, na sijutii. Wifi alikuwa anatafuta popo. Mtu aliyekulia na hadithi za mapango ya Amboni akishuka ngazi gizani hutegemea popo. Hakuna. Kuna maji kidogo, taa zinazobadilika rangi, na kule mwisho vichwa viwili vya mawe vya mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, kimoja kimewekwa kichwa chini na kingine ubavu, kama vile fundi alikuwa na kinyongo naye.

Lakini ukiniuliza kitu kizuri kuliko vyote Istanbul nitakwambia feri ya Eminönü kwenda Kadıköy. Ni usafiri wa wananchi, kama sisi tunavyovuka Kigamboni, nauli ya kadi ile ile. Ndani wanauza chai kwenye vigilasi vyembamba, nje shakwe wanafuatana na meli, na watu wanawarushia vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Dakika ishirini tu umetoka Ulaya umefika Asia. Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena.

Sasa mlima. Ziara ya Uludağ tuliuziwa na wakala mmoja jirani na hoteli, dola 45 kwa kichwa, "kila kitu ndani." Jina lake silitaji. Nilimuuliza mara mbili, kila kitu ndani? Akaweka mkono kifuani, kila kitu, dada. Mimi niliyefanya biashara miaka kumi na tisa, namuuliza muuzaji kama bidhaa yake ina kasoro! Hapo kosa ni langu.

Basi lilitufuata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Likazunguka hoteli nyingine saa nzima kuokota watu, kisha likashika njia ya kusini. Daraja la Osmangazi, lililofunguliwa 2016 na ambalo kipande chake cha kati kinaruka mita 1,550 za maji bila nguzo, nililiona kwa jicho moja, jingine limelala.

Kituo cha kwanza hakikuwa mlima, kilikuwa duka la halawa. Nusu saa nzima! Cha pili, duka la ngozi, na mlango wa basi ukafungwa ili tusibaki ndani. Cha tatu ndipo penye kukodisha nguo za baridi, na hizo hazikuwa kwenye "kila kitu." Suruali, koti, buti na glavu, dola 20. Suruali yenyewe ni ile nene inayochakarisha, tukaivuta juu ya madera, dera likajikunja kiunoni kama tumefunga mtoto kwa mbele. Buti zangu zilikuwa na unyevu wa mguu wa mtu wa jana. Nilimwonyesha kijana wa kukodisha, akaingiza mkono, akautoa, akaufuta kwenye suruali yake, akanipa nyingine. Nazo vile vile. Nikavaa. Ndiyo maana nakwambia chukua soksi jozi tatu, za sufu, na mfuko wa nailoni wa kuvalisha mguu kabla ya buti. Mfuko uliniokoa mimi, wifi aliukataa kwa maringo yake, na jioni vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mvuvi wa samaki.

Teleferik, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kutoka Bursa kwenda juu, navyo vikalipiwa pembeni. Hapo sikugomba. Kwa mara ya kwanza siku ile pesa ilitoka mkononi bila kuuma. Njia ni karibu kilomita tisa, kibanda kinabeba watu wanane, na mlango ukishafunga kelele zote zinabaki chini. Mwanzo unaona mapaa ya vigae vyekundu, nguo zimeanikwa. Kisha miti mitupu isiyo na jani hata moja. Kisha misonobari, kijani. Halafu, sikuona ilipoanzia, misonobari ile ile matawi yake yameinama kwa weupe, na chini weupe, na hakuna nyayo za mtu, ni za mnyama mmoja tu zimekatiza katikati ya miti, zikapotea. Wifi, ambaye kwa maneno ya mama mkwe hajanyamaza tangu niolewe na kaka yake, alinyamaza. Upepo ukiwa mkali vibanda husimamishwa, watu wakapandishwa kwa basi, kwa hiyo uliza asubuhi. Siku hiyo hewa ilikuwa imetulia.

Uludağ kilele chake ni mita 2,543, hata nusu ya Kilimanjaro haufiki, na kwetu urefu huo ungekupa ukungu na migomba kwa mbali. Kule unakupa theluji kuanzia Desemba mpaka Machi. Nilidhani itakuwa kama barafu ya kwenye friji, ile ya kugandamana na mkono. Siyo. Ile ya juu ni kavu, inachakarisha chini ya buti kama unakanyaga unga wa muhogo uliomwagika, na ukiifinya ndiyo inashikana. Wifi alijaza chupa ya maji ya lita moja pomoni, akaishindilia kwa kidole, azawadie watoto wa Ngamiani. Tulipofika Bursa ndani ya chupa kulikuwa na maji ya vidole viwili na jani la msonobari. Akayabeba hivyo hivyo.

Skii, ule mchezo wa kuteleza na mbao miguuni, hatukujaribu. Vitoto vya miaka mitano vilikuwa vinatupita kwa kasi, mikono nyuma, kama wanakwenda dukani kutumwa chumvi. Kukodi skii na mwalimu ni bei nyingine, na kwa mtu wa mara ya kwanza saa mbili hazimfundishi ila kuanguka. Tulikodi kigari cha plastiki cha kuketi na kuteleza, Waturuki wanakiita kızak, dola 10 kwa saa baada ya kuvutana. Mteremko wenyewe si mkubwa kuliko ule wa kushukia ufukweni Raskazone. Nikaketi mbele, wifi nyuma, akanishika kiuno. Sitaki kueleza sana. Tulipiga kelele moja kutoka juu hadi chini, tukamgonga baba mmoja wa watu aliyekuwa anapiga picha, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Tukapanda tena mara tisa.

Chakula cha juu ni ghali lakini kinakuja cha moto: sucuk, soseji ya ng'ombe yenye vitunguu saumu, inachomwa juu ya makaa mbele yako ikatiwa ndani ya mkate. Salep, maziwa mazito kama uji mwepesi na mdalasini juu, kunywa hata kama hupendi maziwa. Chakula "cha ziara" ndicho kichekesho. Tuliahidiwa Iskender, kitoweo cha Bursa chenyewe, nyama iliyokatwa nyembamba juu ya vipande vya mkate, mchuzi wa nyanya, mtindi pembeni, siagi ya moto ikamwagwa mwishoni. Kilicholetwa ni vijinyama vitatu vya kusaga na wali wa baridi. Jioni ile tulikula Iskender kwa pesa yetu. Wifi akaguna, mtindi na nyama? Nikamwambia, na biriani unayoipika kila Idi unaitia nini?

Bursa tulipewa dakika 25. Mji uliokuwa makao ya Waosmani tangu 1326, kabla hawajaiona Istanbul, unapewa dakika 25, wakati duka la halawa lilipewa 30! Tulikimbilia Ulu Cami, msikiti wenye makuba ishirini na chemchemi ya kutawadhia ndani kabisa, katikati, maji yanasikika ukiwa kwenye swafu. Tukatawadha, tukaswali alasiri haraka kama wezi, honi inapigwa nje.

Nilipiga hesabu ndani ya basi. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukarudishwa saa tano usiku. Theluji tuliikanyaga kwa muda wa saa mbili na nusu tu. Dola 45 zikawa zaidi ya 100 kwa kichwa, na bado kijana alipitisha bahasha ya bakshishi.

Nikienda tena sitapanda basi hilo. Zipo feri za kasi kutoka Istanbul zinazovuka bahari ya Marmara hadi Mudanya, bandari ya Bursa, na teleferik iko Bursa mjini kwenyewe. Unalala Bursa usiku mmoja, unapanda mlima asubuhi kabla mabasi ya ziara hayajafika, na unakula Iskender wako kwa kutulia. Nguo za baridi kodi hapo hapo, ila buti nunua Laleli, utaziuza ukirudi kwa watu wa Lushoto. Wifi hataki kusikia habari za feri ya usiku wala ya mchana katika bahari ya baridi namna ile. Basi nitakwenda peke yangu, naye abaki dukani anilindie madera.