Uzoefu wangu: Porsche 917K ya kuunganisha (1:24), wiki tatu na gundi

Shemeji alipokuja likizo Dar mwezi Desemba aliniletea boksi nililomwagiza: Porsche 917K ya plastiki, gari la mbio la zamani, ile nyekundu na nyeupe yenye namba 23, ndogo mara 24 kuliko halisi. Likikamilika, gari lina sentimita 17 hivi. Kiwanda sikitaji kwa sababu nina malalamiko nacho, ila nianze na raha.

Raha ni injini. Nimeikalia siku nne. Yenyewe halisi ilibuniwa na Hans Mezger: silinda 12 zilizolala, sita kila upande, lita 4.5, na haina rejeta. Inapozwa kwa upepo kama Volkswagen ya babu, isipokuwa hapa feni ni kubwa na imelazwa juu ya injini kama sinia la pilau. Chini yake kuna fremu ya mabomba ya aluminiamu, na fremu nzima haikufika kilo 50. Yaani mfuko mmoja wa saruji unaizidi! Mabomba hayo yalijazwa gesi na mbele ya dereva kukawekwa geji. Mshale ukishuka, ujue kuna bomba limepata ufa.

Nilipogundisha kiti na pedali nikanyamaza kidogo. Miguu ya dereva inakaa mbele ya ekseli ya mbele. Ukigonga kitu, wa kwanza kufika ni wewe. John Woolfe, aliyeingia Le Mans, mbio za saa 24 za kule Ufaransa, mwaka 1969 na 917 aliyoinunua mwenyewe, alifariki katika mzunguko wa kwanza tu.

Mwaka huo gari liliwatisha hata madereva wa Porsche yenyewe, kwa kuwa likishika kasi lilikuwa linayumba. Sheria ilitaka yatengenezwe 25 kabla ya kuruhusiwa kushindana. Wakaguzi walipokuja mara ya kwanza wakaonyeshwa machache yaliyokamilika na vipuri vya mengine, wakakataa. Aprili 1969 Ferdinand Piëch, mhandisi aliyeongoza mradi huo, akayapanga yote 25 mstari mmoja nje ya kiwanda cha Porsche. Mimi moja la plastiki limenitoa jasho wiki tatu.

Sasa mkia. Kwenye boksi unakuja mfupi, umeinuka nyuma, na karatasi ya maelekezo haina neno hata moja kuhusu ulikotoka. Oktoba 1969 watu wa Porsche walikuwa kwenye uwanja wa mbio wa Zeltweg, Austria, wakilijaribu gari. John Horsman, fundi wa timu ya John Wyer iliyokuwa ikijiandaa kushindana na magari hayo, akaona mbele kumejaa wadudu waliokufa ila mkiani ni kusafi. Wadudu hawafiki, basi na upepo haufiki. Wakachukua mabati ya aluminiamu na utepe, wakauinua mkia palepale, na dereva aliyetoka kulijaribu hakutaka kushuka. Kwangu kipande hicho ndicho chenye thamani kuliko vyote bokseni, na ndicho kilichotengenezwa vibaya: hakikai sawa na bodi, kina mwanya wa karibu milimita moja. Nimekisugua kwa msasa jioni mbili.

Stika nazo ni balaa. Ukiziloweka zaidi ya sekunde chache zinakatika. Namba 23 ya ubavu wa kushoto imetoka vipande vitatu, nikaiunga kwa kibano huku nimebana pumzi. Gundi na rangi hazimo bokseni, ununue mwenyewe.

Mbona niling'ang'ania namba 23? Kwa ajili ya dereva wake, Hans Herrmann. Mwaka 1969, baada ya saa 24, alishindwa na mpinzani wake Jacky Ickx kwa mita 120 hivi. Mwaka uliofuata akarudi na Richard Attwood kwenye hili jekundu, mvua ikinyesha kweli kweli, na kati ya magari 51 yaliyoanza ni saba tu yaliyohesabiwa kumaliza. Wakashinda, na Porsche ikapata ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans. Herrmann alikuwa amemwahidi mkewe kwamba akishinda anaacha mbio. Akaacha.

Boksi hili nalipatia nyota tatu na nusu. Mwenye haraka asinunue, na mwenye watoto wadogo afiche gundi.

Jambo la mwisho: kirungu cha gia cha 917 kilikuwa cha mti mwepesi wa balsa, ili kupunguza gramu chache. Waliotengeneza boksi wameweka cheusi cha plastiki. Nikakikata, nikachonga kingine kwa njiti ya kiberiti, na mlango wa upande huo nimeugundisha ukiwa wazi.