Nimerekodi tangazo la biashara kwa yule rapa wa zamani wa Majengo, Dodoma

Mie nauza mafuta ya alizeti soko la Sabasaba hapa Dodoma, na mnaopita pale mnazijua kelele zake, kila meza ina spika inalia bei toka asubuhi, ukikaa kimya wateja wanakupita tu. Mwaka jana nililipia tangazo kwa mtu mmoja, simtaji, akanisomea karatasi yangu kama anatangaza msiba redioni, nikaliweka siku mbili nikalizima. Sasa mwezi uliopita dada wa meza ya jirani akaniambia nenda Majengo kwa yule kaka aliyekuwa anarap, siku hizi anauza sauti. Nikaenda.

Kaka mwenyewe karap miaka mingi, hela haikuonekana, ila kuna siku studio waliokuwa wanarekodi tangazo la redio walikosa mtu wakamwambia jaribu wewe, akasoma mara moja tu wakalichukua. Baadae akaenda Dar kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, na hapa ndo alinifungua macho, anasema sentensi ya Kiswahili mara nyingi inakuwa ndefu kuliko ya kwao na mdomo wa mwigizaji ukifunga na wewe uwe umemaliza, kwahiyo unakata maneno bila kuua maana, na mtu aliyezoea kubana mistari iingie kwenye biti hiyo kazi kashaifanya miaka yote.

Tena akaniambia yule CJ, mhusika mkuu wa San Andreas, ile gemu ya 2004 iliyotumalizia chenji kwenye mabanda ya pleisteshen, sauti yake ni ya rapa anaitwa Young Maylay, na wenzake wa humohumo kwenye gemu, Ryder ni MC Eiht na Madd Dogg ni Ice-T, nao marapa! Aisee nimecheza ile kitu hadi vidole vinauma kumbe nilikuwa nasikiliza marapa.

Haya, huduma yenyewe. Studio ni chumba kimoja, ukutani kabandika magodoro ya zamani maana upepo wa Dodoma ukianza kupiga mabati hakuna kurekodi. Karatasi yangu aliisoma akafuta zaidi ya nusu, ile "mafuta bora yenye ubora wa hali ya juu" yote ikaondoka. Akaniambia niuzie mimi hayo mafuta kama nimekuja mezani kwako, nikaongea, akawa ananirekodi kwa simu, halafu maneno yangu mwenyewe ndo akayafanya tangazo. Linaanza na bibi wa Kigogo anasalimia kwa kilugha "Mbukwenyi!" halafu anabishana na mjukuu wake kuhusu mafuta ya kukaangia mboga, na wote wawili ni yeye! Nilikuwa nimesimama mlangoni namwangalia, akiwa bibi hadi mabega yanashuka, akirudi kijana anavuta pumzi fupi anaingia bila kuchelewa hata kidogo. Alirudia kama mara tisa mwenyewe bila kuambiwa, kisa neno "alizeti" halijatoka vizuri.

Kitu kingine ambacho sijawahi kuona kwa mtu, anayo spika ya honi kama zetu za sokoni, anakujaribishia humohumo kabla hujaondoka. Honi haitoi besi, kwahiyo sauti nzito nzuri ya kwenye hedifoni ukifika sokoni inapotea, yeye anaipandisha juu kidogo ili maneno yasikike.

Kasoro zipo. Aliniahidi Jumanne nikapata Alhamisi, na mara ya kwanza biti ilikuwa juu hadi namba yangu ya simu haisikiki vizuri. Nilimpigia akarekebisha jioni ileile bila kuniongezea hela. Nililipa 40,000 kwa sekunde 30, wapo wa bei ya chini ila mie nilishalipa bei ya chini mwaka jana nikaishia kuzima.

Saizi watoto wa sokoni wanaigiza ule ubishi wa bibi na mjukuu, na wateja wanafika mezani wanacheka wanauliza bibi yuko wapi. Ukitaka kwenda nenda mapema, Aprili Bunge la bajeti likianza mji unajaa na oda zake zinakuwa nyingi. Mie wiki ijayo narudi, nataka tangazo la mashudu kwa wafugaji, na nimeshamwambia bibi awe yuleyule.