PlayStation 4 Slim ya Mtumba Nyumbani Chumbageni: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Mashine hii ya gemu niliinunua Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, katika moja ya zile barabara tunazozitaja kwa namba, kwa shilingi 420,000 pamoja na padi moja ya kuchezea inayoshikwa mkononi, nyaya zake na diski mbili za gemu za mpira. Ni PlayStation 4 ya umbo jembamba, ile ambayo Sony waliitoa Septemba 2016, miaka mitatu baada ya toleo nene la kwanza, nayo iliingia nchini kama mtumba. Kwa hiyo mwenye kutaka kusoma sifa za kitu kipya kilichotoka kwenye boksi lake hatazipata hapa. Ninaandika juu ya kitu kilichokwisha kuishi katika nyumba ya watu wengine kabla ya kufika kwangu, na jambo hilo, kama nitakavyoeleza, ndilo zito kuliko yote niliyokutana nayo.

Nilichokusudia kilikuwa kidogo tu. Wanangu wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 11, walikuwa wakimalizia Jumamosi zao kwenye kibanda cha gemu, wakilipa shilingi 500 kwa mechi, na kila mmoja hakutosheka kabla ya mechi nne. Kijana mwenye kibanda ni mstaarabu na sina neno naye. Nilitaka tu niwasikie wakibishana nikiwa jikoni kwangu, badala ya kumtuma mtu akawatafute magharibi.

Kama chombo, mashine ni nzuri na inastahili bei yake. Ina uzito unaozidi kilo mbili kidogo, haina adapta kubwa ya nje, inapokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240, na waya wake wa umeme ni ule ule wa redio wenye matundu mawili, ambao ukikatika unapatikana duka lolote la vifaa vya umeme. Feni yake haipigi kelele kama nilivyoizoea ile ya toleo nene nyumbani kwa kaka yangu, ingawa hewa yetu ya chumvi na vumbi huilazimisha ifanyiwe usafi na fundi walau mara moja kwa mwaka. Nafasi ya ndani ni GB 500, na gemu moja kubwa la mpira humeza GB 40 au zaidi, kwa hiyo hujaa upesi. Lakini diski ya ndani ni ya saizi ile ya kompyuta mpakato, hufikiwa kwa kuchomoa kipande cha plastiki kwenye kona ya nyuma, na mwenye mashine anaweza kuibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Mpira wa kijiti cha kushoto cha padi ulikuwa umelika tangu dukani. Hayo yanatosha kuhusu umbo.

Kuhusu umeme nina mengi ya kusema, kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo kila mzazi huniuliza. Fundi mmoja aliniazima kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, na mwanangu mdogo, ambaye shule yao iliwahi kuwapeleka kuona mitambo ya Hale inayozalisha umeme kwa maji, akajipa kazi ya kuandika namba kwenye daftari kila jioni. Mechi ikiendelea, kipimo kilikuwa kikipanda na kushuka kati ya wati 70 na 85. Tukichukua wati 80 kwa saa tatu kila siku, tunapata yuniti saba na ushee kwa mwezi, na runinga yetu ya inchi 32, inayotumia wati 50 hivi, inaongeza yuniti nne na nusu. Sisi tupo kwenye kundi la T1 katika makundi ya wateja wa TANESCO, shirika la umeme, ambako yuniti moja ni shilingi 292 kabla ya VAT ya asilimia 18 na zile tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) za asilimia 3 na 1, yaani karibu shilingi 356 ukijumlisha vyote. Gemu na runinga kwa pamoja hazifiki shilingi 4,200 kwa mwezi. Fedha hiyo vijana walikuwa wakiimaliza kibandani kwa Jumamosi moja tu.

Hata hivyo, hesabu hiyo si sawa kwa kila nyumba. Aliye kwenye kundi la D1, ambako yuniti 75 za mwanzo katika mwezi hununuliwa kwa shilingi 100 kila moja na zinazozidi hapo kwa shilingi 350, bado kodi na tozo, anapaswa kutazama mita yake kabla ya kutazama mashine. Nyumba inayotumia yuniti 68 ikiongeza 12 imevuka mpaka, na ikiendelea kuvuka iko hatarini kuondolewa katika kundi hilo, hapo hata umeme wa friji na taa utapanda bei. Kwa nyumba ya namna hiyo ningeshauri saa moja kwa siku na si tatu. Wala nisingeshauri PlayStation 5 ya mwaka 2020, ambayo gemu zake zenyewe huvuta karibu wati 200, zaidi ya mara mbili ya hii, kwa watoto ambao watacheza mpira ule ule.

Kuna hali moja ambayo vijana waliipenda na mimi nikaipiga marufuku. Ukiibonyeza vibaya, au ukiiacha tu bila kuigusa, mashine haizimi. Inaingia katika hali ya kupumzika, ikiwasha taa ya rangi ya chungwa na kuvuta wati chache huku ikilinda gemu pale lilipoachwa na kuchaji padi. Gharama yake ni ndogo na siwezi kusema imenifilisi. Tatizo ni kwamba katika hali hiyo mashine bado iko kazini, na umeme ukikatika ghafla usiku, asubuhi inawaka na kulalamika kwamba haikuzimwa ipasavyo, kisha inaanza kujikagua diski yake. Ilitutokea mara mbili, na mara ya pili msimu mzima wa ligi ambao mkubwa alikuwa ameujenga kwa wiki tano ulipotea. Alikaa kimya kutwa nzima, nami nilimhurumia kwa dhati. Tangu siku hiyo tunaizima kabisa mpaka taa zote zimezimika, ndipo tunazima soketi, na mashine imewekwa nyuma ya gadi, kile kifaa cha kukinga umeme usioaminika, kama ile ya friji.

Sasa nirudi kwenye hilo zito. Siku ya kwanza tulipoiwasha, kwenye kioo lilitokea jina la mtu na picha yake ndogo, na nilipofungua intaneti ya simu ili tuisajili, akaunti ile iliingia yenyewe bila kuuliza nenosiri. Orodha ya marafiki wa mtu huyo ikafunguka mbele yetu, wengine wakionekana wako hewani saa ile ile. Kulikuwa na ujumbe ambao haujasomwa, na mstari wake wa kwanza ulionyesha rafiki anauliza kama mwenzake ataingia kucheza usiku huo. Nilipofika kwenye duka la gemu la ndani ya mashine, nikakuta kadi ya benki imehifadhiwa, ikionyesha tarakimu za mwisho. Sikujaribu kununua chochote na sijui kama ingekubali. Kuiona tu kulinitosha kujisikia nimesimama sebuleni kwa mtu asiyejua kama mlango wake uko wazi.

Nilimpigia simu aliyeniuzia. Alinijibu kwa upole, "Mama, hiyo ni bahati yako. Humo ndani kuna gemu kumi na nne, wewe acha watoto wacheze, usiguse kitu." Ninaamini hakuwa na nia mbaya. Kwake hayo yalikuwa nyongeza ya bidhaa, kama vile mtu anayekuuzia kabati na kukuachia hanga zake. Mkubwa wangu naye alikwisha kuziona gemu hizo kumi na nne, akaniambia kwamba mwenyewe yuko mbali, hatajua, na hatapungukiwa na kitu. Tulizungumza kwa muda mrefu. Nilimuuliza angejisikiaje siku simu yangu ikiibwa na mtu akaambiwa aendelee kuitumia kwa kuwa picha zetu zimo na hazitapungua. Hakunijibu, lakini padi aliiweka chini.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu akaunti za namna hii zimekwisha kuleta madhara ya kweli. Aprili 2011 wavamizi waliingia katika mtandao wa PlayStation na kufikia taarifa za akaunti zipatazo milioni 77, na Sony wakalazimika kuufunga kwa zaidi ya wiki tatu. Pale walivamia mitambo ya kampuni. Hapa kwetu hahitajiki mvamizi yeyote, kwa maana mwenye akaunti amesahau kujitoa, mashine imepita mikono kadhaa, na muuzaji anaihesabu kuwa sifa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake, na msingi wake ni kwamba taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa. Sihitaji mwanasheria kunieleza kwamba kadi ya benki ya mgeni haikukusudiwa kuishia Chumbageni.

Kusafisha kunahitaji subira. Kwanza niliondoa mashine katika nafasi ya kuwa mashine kuu ya akaunti ile, yaani ile inayohesabiwa kuwa ya mwenye akaunti, ili mwenyewe asifungwe na kifaa ambacho hanacho tena, halafu nikaingia kwenye mipangilio na kuchagua kuifuta yote. Zipo njia mbili, ya haraka na ya ukamilifu. Ya haraka humalizika upesi lakini haifuti kwa namna inayozuia fundi mjuzi asirudishe kilichokuwamo, kwa hiyo nilichagua ya pili, iliyoanza saa mbili usiku na kumalizika karibu na saa sita. Katika muda huo haitakiwi kuzimwa, na nilikaa macho nikiomba umeme usikatike.

Usajili wa upya nao ulinipa somo. Katika orodha ya nchi za kufungulia akaunti, Afrika Kusini imo na Tanzania haimo, ndiyo maana watu wengi hapa hujiandika kuwa wakazi wa Uingereza au Marekani. Nchi hiyo haibadilishwi tena baadaye, na kadi za benki za hapa mara nyingi hukataliwa katika duka la nchi uliyoiandika. Sikupenda mtoto wa miaka 11 aanze maisha yake ya mtandaoni kwa anuani ya uongo. Nikagundua jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia: mashine inakuruhusu kutengeneza mtumiaji wa ndani tu, asiye na akaunti yoyote, barua pepe wala tarehe ya kuzaliwa, naye anacheza gemu za diski kama kawaida. Masasisho ya mfumo nimeyapakua kutoka tovuti ya Sony kwenye kompyuta na kuyaingiza kwa flashi. Wanachokosa ni kucheza na watu wa mbali, na katika miezi minane hawajalalamika kwa kuwa wapinzani wao wanaishi mtaa huu huu na wanabisha hodi.

Jambo jingine lililonipendeza ni kwamba padi ya mashine hii ina spika ndogo lakini haina kipaza sauti, na kamera huuzwa peke yake. Padi ya PlayStation 5 ina kipaza sauti ndani yake, pamoja na kitufe cha kukinyamazisha. Wapo ambao hilo haliwasumbui. Mimi ninapokea wageni sebuleni, wengine wana shida nzito za kunieleza, na ninaona raha kujua kwamba kilichopo chini ya runinga hakina sikio.

Ningeinunua tena kwa bei ile ile, ila safari hii ningetaka iwashwe mbele yangu, nilione jina lililomo, na ifutwe kabla sijatoa fedha. Mwezi uliopita nilipita pale dukani kutafuta padi ya pili, nikakuta mashine tatu mezani, na mbili zilipowashwa zilikuwa bado na majina ya watu. Nilimwomba muuzaji aniruhusu nimwonyeshe njia. Alivuta kiti, nikaketi, tukaanza na ya kwanza saa nne asubuhi; hadi adhuhuri ilikuwa haijakamilika, nikamsisitizia asiizime, nikachukua padi yangu na kuondoka.