Nimemsindikiza jirani kituo cha familia za Pasifika huko Māngere, nyota 4

Pasifika ndo wanavyoitwa huku watu wa visiwa vya Pasifiki. Nyota ya tano nimeibakisha, nitasema kwa nini. Jirani yangu hapa Auckland kusini, New Zealand, ni mama wa Kisamoa, mumewe sukari ikampanda, kidonda mguuni hakiponi, kazi ikasimama, kodi ya nyumba ikalimbikizana mpaka kijana wao mkubwa akaacha shule akafanye kazi za usiku. Walishaenda ofisi moja, jina sitaji, wakapewa mafomu kibao, mgonjwa aingie peke yake wengine wakae nje. Mzee kila swali akajibu niko sawa tu, akatoka. We mzee wa watu atamwambiaje binti wa ofisini wa miaka 25 kwamba kwake hela ya umeme hakuna?

Sasa Māngere tumeingia wote sita na mi wa saba, hakuna aliyeniuliza nafuata nini. Ikapigwa sala ya Kisamoa, wakaanza kuulizana kijiji gani, kanisa gani, chai ikaja, nusu saa nzima fomu hata moja sijaiona. Nikawa nachungulia saa najua hapa tumepotezewa muda, kumbe ndo kazi imeshaanza, wenyewe wanaita talanoa, yaani maongezi ya kukaa na kufunguka, na katikati ya stori mzee akalitoboa deni lote mwenyewe, mkewe akabaki kamkodolea macho maana hata yeye alikuwa halijui.

Wanatumia mfano unaitwa Fonofale, kautunga Fuimaono Karl Pulotu-Endemann, afya imechorwa kama nyumba ya Kisamoa: msingi ni familia, paa ni utamaduni, katikati nguzo za mwili, akili, roho na mambo mengine kama umri na jinsia. Ndo maana mguu wa mzee ukajadiliwa pamoja na kodi na shule ya kijana. Wakapewa navigeta, mama wa kwao, yeye ndo anaenda nao kwa daktari na kuongea na mwenye nyumba. Manavigeta hawa wametokana na Whānau Ora, mpango wa serikali ya New Zealand wa kusaidia familia nzima kwa pamoja, toka 2010, wazo la Wamaori hilo, wenyeji wa asili wa huku.

Na kuhudumiwa na mtu wa kwao kuna maana aisee. Miaka ya 1970 polisi walikuwa wanavamia nyumba za Wapasifika alfajiri kusaka waliopitiliza viza, serikali imekuja kuomba radhi 2021, mzee anayakumbuka yale, mtu wa ofisi akigonga mlango bado anashtuka.

Haya, nyota ya tano. Navigeta kazidiwa na familia, meseji inajibiwa siku ya tatu. Halafu siku ile palikuwa na familia iliyotoka visiwa vya Kiribati, mtu wa lugha yao hayupo, katoto ka kike kama miaka 12 ndo kanawatafsiria wazazi mambo ya hospitali, hapo nimeumia kwakweli. Pasifika jina moja, lugha chungu nzima.

Kidonda kimeanza kufunga, kijana shule bado anagoma. Kikao kingine Ijumaa, nimeambiwa nije na maandazi.